Jina Langu Kwenye Ukuta wa Akina Mama

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nawaambia mapema ili msinisome kama mtu aliyezaliwa jana. Nimetoa maiti ya mtu chini ya mawe kwa mikono hii yangu. Nimeona mto wa Mbeere, mkavu asubuhi, ukibeba lori zima saa nane mchana, na dereva amekaa juu ya kichwa cha lori akiimba pambio. Nimeona mzee wa kanisa akishika Biblia na kuapa kwamba shamba ni lake, na mwenye shamba alikuwa baba yangu mzazi. Kwa hivyo nikisema kuna jambo lililonitia kinyaa mpaka leo siwezi kula nyama ya mbuzi chini ya hema la watu, mjue si kinyaa cha mtoto anayekataa uji.

Mimi nilitoka Kianjai na shati moja. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu mwalimu alinichapa nikamnyang'anya kiboko, na sikuona haja ya kurudi. Nilibeba mawe, nikapasua mawe, nikauza mawe. Nikashuka Embu, nikaingia kwenye mchanga. Wenye mikokoteni wa Kiritiri walikuwa wakiona lori langu wanasimama kama wanaona gari la harusi. Leo nina lori tatu, yadi ya kokoto, na ploti za kupangisha nilizojenga bila kuomba benki hata kalamu. Watu wenye digrii wananiita mkubwa. Nasema haya si kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu, kuanzia Meru mpaka Embu, jambo jema halijafanyika mpaka liandikwe kwa rangi. Ukitoa tangi la maji kwa shule, jina lako linakaa kwenye tangi. Ukitoa viti kwa kwaya, jina linakaa mgongoni mwa kiti. Niliwahi kuona ajuza amepewa kiti cha magurudumu, na nyuma yake wamebandika picha ya mgombea wa kura akicheka, ili mjukuu akimsukuma bibi kwenda kanisani, bibi awe tangazo. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nasema rangi yenyewe ni mbaya, mimi ningetumia ya mafuta, ile isiyobanduka.

Basi akaja Sista. Nesi wote huku tunawaita sista, na huyu alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi wodi ya akina mama. Nusu ya vijana wanaonipakilia mchanga yeye ndiye aliyewapokea wakitoka tumboni. Mrefu, mkavu, haongei sana. Alikuja yadi yangu akasimama katikati ya vumbi na viatu vyake vyeupe.

"Mzee," akaniambia, "ile ploti yako ya kule kando ya kahawa, yenye ukuta mrefu. Ina mtu?"

"Ina vyumba vinane na haina mtu. Nimeimaliza juzi. Unataka kuhamia?"

"Naitaka kwa ajili ya akina mama."

Akanieleza. Mwanamke aliyefanya kazi ya nyumba miaka mitatu bila mshahara, na akiuliza anafungiwa kwenye choo. Mwanamke aliyeajiriwa kwenye baa, kitambulisho kikachukuliwa siku ya kwanza, na kila sahani anayokula inaandikwa deni. Wakitoroka wanalala kwenye veranda za maduka na watoto wao, na yule aliyewatesa anawapata kabla ya wiki kuisha, kwa sababu mtu akilala kwenye veranda kila mtu anamwona. Alitaka mahali ambapo hawataonekana. Kikundi chao cha akina mama wa kanisa kingeweza kulipa nusu ya kodi.

Nikamwambia nusu mimi sichukui. "Kaa bure miaka miwili. Ikiisha tuongee."

Naapa nilisema hivyo, na sikulazimishwa na mtu. Alinitazama muda mrefu kama anayepima homa.

"Kuna masharti," akasema.

"Yangu?"

"Yangu. Hakuna kibao. Hakuna picha. Hakuna wageni. Na usimwambie mtu, hata mama wa nyumbani kwako."

Nikasema sawa. Nilisema sawa jinsi bwana harusi anavyosema ndiyo, akiangalia keki. Na jioni ileile nikamwambia mke wangu, kwa sababu mtu akitoa vyumba vinane bure na mke wake hajui, ni kama hajatoa.

Wakaingia wanawake saba. Sita sitawaeleza, maana niliwaona kwa mbali tu. Wa saba ndiye aliyekuwa mpishi wao. Mama wa miaka thelathini na kitu, mtu wa huku chini kwenye joto, na binti yake wa miaka tisa aliyekuwa haachi leso ya mamake. Mpishi huyu hakuwa anakaa akiupa mlango mgongo. Hata akimenya viazi alikuwa anasogeza kigoda mpaka aone geti. Mimi nilidhani ni tabia ya watu wa Mbeere wanaochunga mbuzi.

Lakini mkono wake kwenye sufuria! Ijumaa nilikuwa napita kuangalia mabati kama yanavuja, na mabati yangu hayavuji, kila mtu anajua. Nilikuwa napita kula. Kabla ya kupika alikuwa anatupa vitunguu na pilipili hoho kwenye makaa mpaka viungue ngozi, halafu anaviponda na chumvi, ndipo anatia kwenye nyama. Mchuzi unakuwa na ladha ya moshi. Nilikuwa nakula na kujiuliza, huu mchuzi niliuonja wapi? Nikaomba uongezwe.

Mwezi wa tatu Sista akasafiri Meru kumchukua mama mwingine, akasema atakaa siku nne. Hapo ndipo nikaona nafasi ya kumfurahisha. Nilimwita fundi wa kuandika vibao, mzuri kuliko wote Embu, nikamnunulia rangi ya buluu ya mafuta. Akaandika kwenye ukuta wa nje, unaotazama barabara, herufi ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza: NYUMBA YA AKINA MAMA WALIOOKOLEWA. Chini yake: IMEJENGWA NA KUTOLEWA NA, halafu majina yangu yote matatu, na nambari ya simu. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikaitazama. Nitasema ukweli, macho yalinilowa.

Jumamosi nikaweka hema mbili na viti mia moja. Nikachinja mbuzi wanne. Nikaleta mchungaji, chifu, askari wa kituo, wenzangu wa mchanga na wa mawe, na wateja wangu wakubwa. Akina mama nikawanunulia leso za rangi moja ili wapendeze. Nikawaambia, leo mnatoka mbele, mnaombewa. Mpishi peke yake ndiye aliyeuliza.

"Mzee, Sista anajua?"

"Sista atafurahi. Wewe pika, wageni ni mia moja."

"Wageni kutoka wapi?"

"Kila mahali, mama! Unadhani mimi najulikana Embu peke yake?"

Akarudi jikoni. Mchungaji alipowaita waje waombewe, walisimama mstari mmoja, na nikaona watatu wamejifunika leso mpaka machoni, kama watu wa msiba. Nilikasirika. Nikasema moyoni, shukrani ya wanawake ni hii: unawanunulia nguo, wanaitumia kukuficha uso. Mpishi hakuja kabisa, alisema nyama itaungua.

Kati ya wageni alikuwa mwenye hoteli mmoja wa njia ya kwenda Kiambere. Rafiki yangu wa miaka tisa. Hoteli yake ina bucha mbele, meza katikati, na vyumba vya kulala nyuma. Kokoto zote za nyumba ile ni zangu. Mtu wa tumbo, mcheshi, shemasi kwao, anatafuna majani ya muguka, yale ya kulevya, huku anaomba radhi kwa kutafuna. Kwa kuwa mimi ni Mmeru alikuwa ananiita mucore, yaani rafiki. Harambee ilipofika kwake alisimama akasema, "Mimi ni mtu mdogo, lakini jambo la mucore wangu ni langu," akatoa elfu ishirini taslimu. Hakuna aliyetoa zaidi. Makofi yalipasua hema. Mchungaji akamwita baba wa wajane.

Kisha chakula. Alikuwa ameketi kando yangu. Alitia tonge mdomoni, akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba.

"Mucore, nani amepika hii?"

"Tamu, eh?"

"Nauliza nani amepika."

Mimi, mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza, nikainua shingo nikapiga kelele kuelekea jikoni: "Mpishi! Mama! Kuja hapa watu wakuone!"

Hakutoka. Nikatuma wanawake wawili wamlete, wakamleta kwa kicheko, mmoja mkono huu, mwingine ule, wakidhani anaona haya. Akafika mbele ya meza akipangusa mikono kwenye aproni. Akamwona. Sikuona kilichotokea usoni pake, kwa sababu nilikuwa natazama watu kama wanatazama. Nakumbuka mikono tu. Iliendelea kupangusa, kupangusa, na ilikuwa mikavu tayari.

Mwenye hoteli akasimama. Akatoa mia mbili akaitia kwenye kiganja chake na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, kimoja kimoja.

"Asante sana, mama," akasema kwa sauti ya shemasi. "Chakula cha nyumbani hakisahauliki."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya viganja vyangu nataka kutema mate, na nikiwa peke yangu hutema.

Jioni mlinzi wa geti akaniambia mama wa jikoni anataka kusema nami. Nikamwambia kesho. Kesho ilikuwa Jumapili, nikawa kanisani, halafu kwenye chakula cha watu waliotaka kunipongeza. Simu yangu ililia mara nyingi kwa nambari ya mlinzi. Nilidhani anaomba pesa ya muguka.

Jumatatu asubuhi Sista akaingia yadi yangu na mkoba wa safari bado begani. Alikuwa amepita kule barabarani, ameona ukuta. Nilimngojea kwa tabasamu.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Ni rangi ya mafuta. Mvua kumi haiitoi."

"Mzee, umewaanika," akasema. "Umewaanika kama kahawa kwenye meza, na ukawaita wanunuzi."

Nikacheka kwanza, halafu nikakasirika. Nikamwambia wale ni watu wa maana waliokuja, watu wa Mungu, na mmoja wao peke yake alitoa elfu ishirini. Akauliza ni nani. Nikamtajia. Sista akaketi juu ya rundo la mawe, yeye na nguo zake safi.

"Huyo ndiye alikuwa naye," akasema.

"Alikuwa na nani?"

"Mpishi. Miaka minne. Kitambulisho chake anacho mpaka leo. Mchana alimpikisha, na wateja wakilala vyumba vya nyuma alimpeleka huko. Akikataa, mtoto hali."

Nikamwambia watu husema mengi. Nikamwambia mwanamke aliyeiba kwa mwajiri lazima atafute hadithi. Ndiyo, nilisema hivyo, na naandika hapa kwa sababu sitaki mtu aje aseme nilificha. Lakini nikiwa bado nasema, ule mchuzi ukanirudia kinywani, na sasa nikajua nilikuwa nimeuonja wapi. Miaka minne nilikuwa nakula mkono wa yule mama pale kwenye meza za kati, nikisubiri vijana wangu washushe kokoto. Na vijana wenyewe walikuwa wanaingia nyuma mmoja mmoja. Nilikuwa nawakata mshahara kwa kuchelewa. Dakika zao nilizijua zote, na mlango waliokuwa wanaingia sikuwahi kuuulizia.

Simu ya Sista ikalia. Akasikiliza, akanipa nisikie. Ilikuwa pumzi tu, na sauti ya mtoto analia akiwa amezibwa mdomo, na mbali kidogo sauti ya mwanamume ninayoijua, inaongea kwa upole.

"Wako kwenye stoo," Sista akasema. "Yuko mlangoni."

Nilikuwa na lori limejazwa kokoto tayari kwenda kwa mteja. Nikamtoa dereva nikaendesha mwenyewe, Sista kando yangu, vijana wanne juu ya mzigo.

Geti lilikuwa wazi. Mlinzi akaja mbio akitabasamu. "Ni yule mkubwa wa elfu ishirini," akasema. "Ameleta unga na sukari. Nikasema huyu si mgeni."

Pikapu yake ilikuwa ndani, imesimama katikati ya uwanja. Akina mama wengine walikuwa wamejifungia vyumbani, mapazia yote yamevutwa. Vijana wake wawili wamekaa juu ya magunia ya unga. Na yeye mwenyewe ameketi kwenye kiti cha plastiki, kile cha sherehe yangu, mbele ya mlango wa stoo, anatafuna. Alikuwa ameinama. Alikuwa na kitambulisho mkononi, anakisukuma chini ya mlango mpaka nusu iingie, halafu anakivuta tena.

"Si unakiona? Ni chako. Toka uchukue. Nani amekukataza? Mtoto ataanza kusikia joto humo, mama."

Mtu akivutia kuku kwa mahindi hufanya hivyo. Nimefanya kazi na watu wa kila aina, nimelala na panya, nimekula chakula kilichooza kwenye machimbo. Sijawahi kuona kitu kichafu kama mkono ule mnene, na pete ya ndoa, ukisukuma kile kitambulisho na kukirudisha.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Mucore! Karibu." Hakusimama. "Niko na mfanyakazi wangu hapa, tuna mambo madogo ya nyumbani."

"Toka kwa ploti yangu."

"Si ni wewe ulinialika? Mimi hata sikujua kuna nyumba kama hii. Nimetafuta huyu mama mwaka mzima, mpaka Isiolo, na wewe ndiye umenionyesha, tena ukamwita kwa kelele." Akacheka. Hakuwa anataka kuniumiza, na hilo ndilo baya zaidi. Alikuwa ananishukuru. "Ana deni langu. Elfu thelathini na nane. Chakula, nguo, na karo ya mtoto."

Nikatia mkono mfukoni. Mimi hutembea na pesa, sijifichi. Nilikuwa nazo, na zaidi. Nikaanza kuhesabu, nikiona jambo linaisha.

Sista akanishika mkono. Vidole vyake ni vya chuma.

"Ukimlipa, umemnunua," akasema.

"Nalipa aende zake!"

"Ndivyo wanavyolipa wote."

Nikarudisha pesa mfukoni. Mwenye hoteli akatikisa kichwa kama anamhurumia Sista. "Mama, usinichafulie jina. Hata huyu mucore anajua nyumba yangu. Vile vyumba vya nyuma ni kokoto zake. Yeye ndiye aliniambia nipunguze madirisha yawe madogo, chuma ni bei. Uliwahi kusikia kelele, mucore? Si ulikuwa unakula tu, unashiba, unaenda?"

Vijana wangu walikuwa wanatazama chini. Nikajua kila mmoja wao alikuwa anafikiria nini.

Sista akapiga simu kituoni. Askari aliyepokea akauliza kama kuna damu. Hakuna damu. Akasema hayo ni mambo ya mtu na mfanyakazi wake, waje wote wawili waandikishe, na akakata. Wote wawili! Nilisikia kwa masikio yangu, na nilikuwa nimemlisha mbuzi yule askari siku mbili kabla.

Mimi sijui sheria, lakini kazi yangu naijua. Nikapanda lori, nikalirudisha nyuma mpaka mkia wake ukaingia kwenye geti, nikavuta mkono wa kumwaga. Tani kumi za kokoto zikashuka katikati ya geti. Vumbi lilipotulia kulikuwa na mlima mrefu kuliko mimi, na pikapu yake iko upande wa ndani.

"Wewe ni mwenda wazimu?" akapiga kelele. Sasa alisimama.

"Gari utaipata ukiacha kitambulisho. Usipoacha, itaota kutu hapo, na wewe utaenda kwako kwa miguu, kupitia juu ya kokoto, ukiwa na hilo tumbo."

"Nitakushtaki!"

"Nishtaki. Jina langu liko ukutani, na nambari ya simu."

Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Alipiga simu kwa chifu, kwa mchungaji, kwa mtu fulani wa kaunti. Mchungaji akanipigia mimi, akaniambia ndugu hawagombani kwa sababu ya mpishi. Ndugu! Nikazima simu. Jua lilikuwa kali, na ndani ya stoo yenye bati tupu mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Mwishowe kile kitambulisho alikitupa chini kwenye matope ya mfereji wa jikoni, akatema muguka juu yake. Sista akakiokota, akakisafisha kwa ncha ya gauni lake, akakisukuma chini ya mlango, kikapita chote.

Nikawaambia vijana wangu wawili waanze kuondoa kokoto kwa koleo, na nikawaonyesha kwa jicho wasifanye haraka. Wale wawili wengine nikawapeleka nyuma ya vyumba na nyundo kubwa. Ukuta wangu, niliojenga kwa mawe ya kuchonga, nikauvunja tundu la mtu kupita, kelele za koleo na za yule mtu zikifunika za nyundo. Nyuma yake ni kahawa ya jirani, na baada ya kahawa kuna barabara nyingine ambayo mtu wa mbele haioni. Sista alikuwa ameshaita gari la mtu anayemwamini.

Walitokea madirisha ya nyuma, wakapita mmoja mmoja, wameinama, vifurushi vichwani. Mpishi alikuwa wa mwisho. Sista alimtoa stoo kupitia dirisha la nyuma, kwanza mtoto, halafu yeye. Nguo imemganda mwilini kwa jasho. Alipofika kwenye tundu akasimama mbele yangu. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Mzee, pale ukutani uliandika jina langu pia?"

"Hapana. Langu tu."

"Afadhali," akasema, akapita.

Nilirudi mbele, nikakuta mwenye hoteli bado anawafokea vijana wa koleo, wanatoa kokoto kidogo kidogo kama wanapakua wali wa harusi. Alitoka saa kumi, na hakujua kwamba nyuma ya ule mlango wa stoo hakukuwa na mtu tena. Vyumba vyote vinane vilikuwa vitupu.

Mngetegemea watu waone aibu. Mchungaji nilimwambia arudishe zile elfu ishirini, akasema sadaka ikishaombewa hairudi, akanunua vipaza sauti. Wenzangu wa mchanga wakaniambia nimepoteza mteja mzuri. Mmoja akauliza, na kuchekacheka, kama kweli huyo mama anapika vizuri hivyo. Sista alipeleka kesi mahali pa juu kuliko kituo chetu, na hoteli ikafungwa vyumba vya nyuma. Meza za mbele zinaendelea. Kokoto anauziwa na mtu mwingine, na huyo mtu huketi mbele yangu kanisani.

Nilimpelekea Sista mwenyewe habari kwamba nitajenga nyingine. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana.

"Utajenga, halafu siku moja utapita kuangalia mabati," akasema.

"Sitapita."

"Utapita, mzee. Ndivyo ulivyo, na si kosa kubwa, ila si kwa hawa."

Tulivutana wiki mbili. Mimi kushindwa na mwanamke kwenye mazungumzo ya biashara haijawahi kutokea, na hapo ilitokea. Ploti ile yenye maandishi niliiuza, kwa bei ya hasira, kwa mtu aliyetaka kuifanya bohari ya mbolea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupaka ukuta chokaa. Pesa nikampa Sista, na juu yake nikaongeza nilichopata kwa kuuza lori moja, lile kuukuu. Hakunipa karatasi yoyote. Alinunua mahali, sijui wapi. Inaweza kuwa Embu, inaweza kuwa Meru, inaweza kuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Ina vyumba vingapi, sijui. Mawe yake yalitoka kwa nani, sijui, na hili linaniuma kwa sababu najua waliuziwa mawe mabaya. Mke wangu huniuliza pesa ya lori ilienda wapi. Sijamwambia, na ananitazama kama mtu mwenye nyumba ya pili.

Mwaka jana nilimwuliza Sista kwa simu jambo moja tu, kama yule mpishi bado hupika akitazama geti. Akasema siku hizi anapika na dirisha limefungwa, kwa sababu ya baridi, na hasogezi kigoda.

Hilo ndilo ninaloruhusiwa kujua. Mengine ninayoweza kuwaambia ni gharama, kwa kuwa hiyo haimwonyeshi mtu njia: shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.